Panya Huyu Atakufa kwa Muda Gani? Maadili ya Kuondoa Viumbe Waharibifu Majumbani



Mada niliyopewa imepokewa kwa kicheko, na kicheko hicho nakielewa. Kumhurumia panya, huku amekula unga wa mtoto! Niseme mapema kwamba sikuja kumtetea. Panya wa darini, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake, hukojolea mchele, hutafuna nyaya za umeme, hutoboa magunia na kuleta maradhi. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda mkoani Lindi, ambapo watu 20 waliugua na 3 walifariki. Vimelea vya homa hiyo hutoka katika mkojo wa wanyama, na panya ni miongoni mwa wabebaji wake wakubwa. Wenyeji wa Lushoto nao wanaijua tauni tangu mwaka 1980, hawahitaji kuhadithiwa. Mama anayesema nyumba yake isiwe na panya hata mmoja anasema jambo la haki, na maadili yoyote yanayomtaka aishi nao ni maadili ya mtu asiyelala chumba kimoja na chakula chake.

Ninachobishia ni kitu kingine. Tukishakubaliana kwamba panya aondoke, watu wengi huona kila njia imehalalika: gundi, moto, ndoo ya maji, sumu isiyo na jina. Ruhusa ya kuua tumeigeuza ruhusa ya kutesa, na hakuna aliyekaa akajiuliza kama hizo ni ruhusa mbili au moja. Mimi naona ni mbili. Ya kwanza tunayo. Ya pili hakuna aliyetupa. Katika kupima njia moja dhidi ya nyingine, napendekeza tutumie kipimo ambacho hata fundi asiyesoma maadili anaweza kukitumia akiwa juu ya ngazi: mnyama huyu atakufa kwa muda gani, na nani mwingine atakufa pamoja naye?

Kabla sijaingia kwenye njia zenyewe, niwakumbushe tulipo. Katika mji huu wa Morogoro, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Wapo wanaonusa makohozi na kutambua kifua kikuu, wapo wanaonusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Cambodia mwaka 2016, akafichua mabomu na silaha zilizofukiwa zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu. Alikufa Januari 2022 na habari zake zikatangazwa duniani kama za mstaafu mheshimiwa.

Najua panya buku si huyu wa darini. Ni jamii tofauti, na shambani panya buku naye ni mharibifu. Lakini kilichomwezesha Magawa kufundishika ndicho alichonacho huyu wetu pia: anakumbuka, anaogopa, anajifunza kutokana na maumivu na kutokana na zawadi. Kuna ushahidi ulio karibu zaidi nasi. Dawa nyingi za kutuliza maumivu tunazomeza hujaribiwa kwanza kwa panya, kwa sababu mishipa yao ya fahamu hupokea maumivu kwa namna inayofanana na yetu. Hatuwezi kuyaamini maumivu ya panya maabarani, kisha tukayakanusha jikoni.

Gundi

Nianze na inayouzwa zaidi barabarani. Kibao cha gundi ni rahisi, hakina sumu, hakihitaji ujuzi, na mwenye duka humwambia mteja kuwa ni salama kwa watoto. Yote hayo ni kweli. Lakini kibao hicho hakiui. Kinashika tu. Panya aliyenaswa saa tatu usiku hujivuta mpaka manyoya na ngozi vinabanduka, wengine hutafuna mguu wao wenyewe, pua ikigusa gundi anaanza kukosa hewa taratibu. Asipopatikana atakufa kwa uchovu na kiu baada ya saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Na akipatikana, wengi wetu hatujui la kufanya naye: kibao kinakunjwa kikiwa na panya hai ndani, kinatupwa kwenye pipa.

Kwa kipimo cha muda, gundi inashika mkia kabisa. Kwa kipimo cha pili nayo hali ni mbaya, kwa sababu gundi haichagui. Mjusi wa ukutani aliyekuwa akila mbu hunasa. Kirukanjia hunasa, na yeye chakula chake kikubwa ni wadudu. Kifaranga hunasa. (Kwa anayetaka kumnasua mjusi au ndege: mafuta ya kula, kidogo kidogo, kwa kidole au kitambaa, gundi huachia. Msivute.)

New Zealand iliwekea gundi masharti makali mwaka 2015. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022, na tangu Julai 31, 2024 mtu wa kawaida katika eneo la England haruhusiwi kutega panya kwa gundi. Fundi mwenye leseni maalumu ndiye anayeruhusiwa, tena pale ambapo njia nyingine hazifai. Sisemi tuinakili sheria hiyo kama ilivyo. England ina mafundi wa kazi hii, na manispaa zinazozoa taka kwa ratiba. Kwetu, ukimnyang'anya mpangaji wa chumba kimoja kibao chake cha gundi bila kumpa kitu badala yake, utakuwa umempa panya nafuu na binadamu mzigo. Ila tunaweza kuacha kuisifu, na mafundi waliomo humu wanaweza kuiondoa kwenye mikoba yao kuanzia wiki ijayo. Fundi anayelipwa hana udhuru wa umaskini.

Sumu

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana ndipo penye utata.

Sumu nyingi za kisasa za panya ni za kuzuia damu isigande. Asili yake ni ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakivuja damu na kufa miaka ya 1920 baada ya kula majani ya malisho yaliyoota ukungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakiongozwa na Karl Paul Link, waligundua kemikali iliyohusika, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarin, iliyoingia sokoni kama sumu ya panya mwaka 1948. Miaka michache baadaye, kwa dozi iliyopimwa, ikawa dawa ya binadamu wenye tatizo la kuganda damu, na hospitali bado zinaitumia. Panya walipoanza kuizoea, zikaja sumu kali zaidi za jamii hiyohiyo, kama brodifacoum, ambayo mlo mmoja unatosha.

Sasa tazameni sifa inayozifanya ziuzike. Panya ni mnyama mwenye hadhari. Akila kitu kikamuumiza papo hapo, akanusurika, hatakigusa tena. Sumu hizi zinamshinda kwa kuchelewa: anakula leo, kesho anakula tena, dalili zinaanza baada ya siku kadhaa, na hawezi kuhusisha maumivu na chambo. Damu huvujia ndani, kwenye viungo, tumboni, kwenye mapafu. Kifo huja baada ya siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi. Kwa maneno mengine, ule uchelewaji unaomfurahisha muuzaji ndio huohuo unaorefusha mateso. Ubora wa bidhaa na ubaya wake ni kitu kimoja, na hakuna kiwanda kitakachovitenganisha.

Na katika siku hizo panya anatembea. Anadhoofika, anatoka mchana, anakuwa windo rahisi kwa paka wa jirani na bundi. Sumu ya brodifacoum hukaa kwenye ini kwa miezi, na anayemla panya huyo huimeza pia. Bundi mwenyewe ana maadui wa kutosha katika jamii yetu. Tunamrushia mawe kwa kumwita mchuro, halafu wawindaji wa panya wakipungua tunanunua sumu zaidi.

Mtu atasema basi turudi kwenye fosfidi ya zinki, ile ya unga wa kijivu, inayoua kwa saa chache. Ni kweli muda ni mfupi. Inafanya kazi kwa kukutana na tindikali ya tumboni na kutoa gesi ya fosfini. Lakini kifo chake ni cha maumivu makali, panya aliyelamba kidogo akapona hurudi na akili mpya, na mtoto au mbwa akiila hakuna dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Sumu za kuzuia damu kuganda angalau zina vitamini K1 kama tiba, iwapo mgonjwa atafikishwa hospitali mapema. Kwa hiyo kipimo changu cha muda peke yake hakitoshi, ndiyo maana niliweka swali la pili pembeni yake. Ninapoulizwa ni sumu ipi ya huruma, jibu langu ni kwamba sijaiona.

Kuhusu vile vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa stendi na sokoni, sina mjadala. Kiuatilifu kinachouzwa nchini kinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kisicho na jina la kemikali wala namba ya usajili, hata daktari hatajua amtibu vipi mtoto aliyekila. Vivyo hivyo kwa vidonge vya kuhifadhia nafaka: kuviweka chini ya kitanda ili kuua panya au kunguni ni kuwasha gesi ya sumu mahali watu wanapolala.

Mtego, ndoo na jirani

Mtego wa kubana, ule wa ubao na springi, ni wa zamani. Umekuwepo tangu miaka ya 1890 na haujabadilika sana. Ukiwa imara na ukimpata panya shingoni au kichwani, anapoteza fahamu kwa sekunde. Kwa kipimo chetu ndio unaoongoza, tena bila sumu na kwa gharama ndogo kwa kuwa hutumika tena na tena. Una masharti yake. Springi iliyolegea humbana mkia au mguu, na hapo umetengeneza gundi nyingine ya chuma. Utegwe ukutani, kwa sababu panya hupita akigusa ukuta, upande wa chambo ukiutazama ukuta. Ukaguliwe asubuhi na jioni. Mtego uliosahaulika darini wiki nzima ni aibu ya aliyeutega.

Kuna ule mtego wa tundu unaomnasa akiwa hai. Wengi huuona ndio wa huruma, na kwa saa ya kwanza ni kweli. Kisha nini? Kwa kawaida panya huishia kwenye ndoo ya maji, ama hufunguliwa ng'ambo ya barabara. Ndoo si kifo chepesi. Panya ni mwogeleaji hodari, na miongozo ya madaktari wa mifugo haikubali kuzamisha kama njia ya kumaliza uhai wa mnyama. Pigo moja zito kichwani, kwa mkono usiositasita, humaliza mambo mara moja, ingawa ni gumu zaidi kwa anayelitoa. Nadhani hapo ndipo siri ya ndoo ilipo: inamsaidia mtu asiangalie. Njia nyingi tunazopenda, ikiwemo sumu, zina sifa hiyo ya kutuondoa machoni pa kifo bila kumpunguzia chochote anayekufa.

Kufungulia ng'ambo ya barabara nako si wema. Panya aliyezoea dari yako, ukimtupa mahali asipopajua, mara nyingi hafiki mbali. Na akifika, amefika kwa jirani. Huruma inayohamishia tatizo kwenye unga wa mwingine ina jina lake katika kila mtaa, sihitaji kulitaja.

Na paka? Paka ni mzuri kwa panya wadogo na harufu yake husaidia. Huchezea mawindo yake bila kipimo chochote cha muda, lakini paka hasomi mada za semina.

Wazee wa dini walikuwa mbele

Kuna wanaodhani mazungumzo haya yameletwa na wafadhili. Kwa Waislamu waliomo humu, naomba mnisahihishe nikikosea: katika mafundisho ya Mtume, panya, pamoja na nge, kunguru, mwewe na mbwa mkali, ni katika wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na mtu aliye katika ihramu. Ruhusa iko wazi. Na katika mafundisho hayohayo, aliyoyapokea Shaddad bin Aus, imeamriwa kuwa anayeua aue kwa wema na anayechinja anoe kisu. Kuadhibu kwa moto kumekatazwa. Kipo pia kisa cha nabii aliyeumwa na chungu mmoja akachoma kichuguu kizima, akalaumiwa na Mola wake. Na yule mjusi wa ukutani, ambaye wengi humpiga kwa sababu ya dini, riwaya yake inampa thawabu nyingi zaidi anayemmaliza kwa pigo la kwanza kuliko anayemmaliza kwa la pili. Mashekhe wataeleza hikma yake kuliko mimi. Ninachokiona ni kwamba hesabu ya muda wa kufa ilikuwepo karne kumi na nne zilizopita.

Kwa upande wa Biblia, kitabu cha Mithali kinamsifu mwenye haki kwa kujali uhai wa mfugo wake. Panya si mfugo, na hilo ni pengo la kweli. Hata zile haki tano za ustawi wa mnyama zinazofundishwa vyuoni, ambazo mizizi yake ni ripoti ya kamati ya Brambell ya Uingereza ya mwaka 1965, zilitungwa kwa ajili ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Hazimwambii mtu afanye nini na mgeni aliyeingia kwa tundu la bomba. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo tumezoea kuihusisha na punda wa mizigo na ng'ombe wa mnadani.

Mwaka 2015 wataalamu kutoka nchi kadhaa walikutana Vancouver, Kanada, kutafuta misingi ya kuwadhibiti wanyamapori wanaogongana na binadamu. Waliyoyachapisha mwaka 2017 yana mambo saba. Mawili yanatuhusu sana. La kwanza: kabla ya kumgusa mnyama, binadamu abadilishe kwanza mwenendo wake unaoleta mgongano. Jingine: uamuzi utokane na hali halisi ya mahali, usitokane na sifa mbaya ya mnyama.

Tundu kwanza

Panya mdogo wa nyumbani hupenya tundu la milimita 6. Panya wa darini anahitaji kubwa zaidi ya hapo. Ukiua panya kumi na tundu likabaki, umewapisha kumi wengine. Chakula kipo, nafasi ipo, majike huzaa. Saruji kwenye msingi, bati chini ya mlango, wavu mgumu wa chuma kwenye matundu ya hewa, nyuzi za chuma za kusugulia masufuria zilizoshindiliwa pembeni ya mabomba, unga kwenye ndoo yenye mfuniko, taka zitoke jioni. Hakuna anayekufa kwa lolote katika hayo. Nyumba iliyozibwa inaua panya wachache kuliko nyumba iliyojaa mitego, na huo ndio ustawi wa wanyama ulio mkubwa kuliko wote nilioutaja, ingawa hauonekani.

Hata afya ya jamii inadai mpangilio huu. Kwenye maeneo ya tauni kanuni inajulikana: viroboto kwanza, panya baadaye. Ukiua panya kwa pupa, viroboto huacha maiti iliyopoa na kutafuta mwili wenye joto, nao ni wako.

Wengine niwapitie haraka. Popo wa darini huzibiwa usiku wakishatoka kwenda kula, na si msimu wenye watoto wasioruka, vinginevyo wataozea juu ya kichwa chako. Nyuki aitwe mfuga nyuki. Petroli na kiberiti huweza kuchoma nyumba nzima. Siafu, wazee wetu waliwapisha: watu walitoka nje, siafu wakapita chumba kwa chumba wakamaliza mende, na jioni watu wakarudi. Kuhusu mende na kunguni wenyewe, kama wanahisi maumivu sayansi bado inajadiliana. Tahadhari yangu hapo ni kuhusu mtoto anayetambaa juu ya chaki yenye sumu ya mende, zaidi kuliko mende mwenyewe.

Linabaki suala la fedha, na hili naliacha mikononi mwa makundi ya majadiliano mchana. Kuziba tundu ni kazi ya jengo, na jengo ni la mwenye nyumba. Lakini anayenunua gundi na sumu ni mpangaji, kwa sababu ndiye anayesikia vishindo darini usiku. Mikataba ya pango niliyoisoma inataja rangi, maji na umeme. Sijaona unaotaja matundu. Mafundi nanyi hulipwa kwa kupiga dawa, na mteja akirudi baada ya miezi mitatu mnalipwa tena. Anayeziba vizuri hujinyima kazi. Naomba kila kundi lije na bei mbili kwa nyumba ya vyumba sita ya uswahilini, bei ya kuziba na bei ya kupiga dawa mara nne kwa mwaka, tuziweke ubaoni, na wenye nyumba waliomo humu watuambie ni ipi wako tayari kuibeba wao na ipi wataendelea kumwachia mpangaji.